Korongo Ambao Sikuwaona

Mwanangu Kabula,

Mambo ya sanduku nimemwachia mama yako. Amekufungia karanga za kukaanga, amekushonea mfuko mdogo ndani ya sketi, na tangu asubuhi anakutajia vituo vya treni hadi Morogoro kana kwamba yeye ndiye dereva, wakati safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka hapa Magu kwenda Mwanza mjini, hospitali, kukuzaa wewe. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo jingine, na muda wa kuliandika ni mfupi. Umekwenda kumuaga jirani yetu Mama Shija, na kwa jinsi mnavyopendana hutarudi kabla jua halijafika kwenye ua wa minyaa.

Mbele yangu lipo lile daftari. Umelivika jalada la karatasi ya kaki na juu yake umeandika NDEGE WA KWETU. Kesho unakwenda nalo chuoni, umkabidhi yule mwalimu aliyepita hapa mwaka jana na darubini shingoni akiangalia ndege wa ziwani. Nakumbuka alivyolifungua barazani akasahau chai yake ikapoa. Alisema hajawahi kukuta familia ya wakulima iliyoandika, mwaka baada ya mwaka, siku ndege walipofika na siku walipoondoka. Alisema dunia inazidi kupata joto, na kwamba ndege wanaosafiri na hata wale wasiohama wameanza kubadilisha nyakati zao na mahali pao pa kukaa, na daftari kama hili ndilo litakaloonyesha kama jambo hilo limefika na huku kwetu. Ndiye aliyekupigania upate nafasi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unatabasamu. Mimi nilitoka nje nikajifanya nawaangalia mbuzi.

Kabula, daftari hilo lina uongo ndani yake, na aliyeuandika ni mimi.

Nimelisoma tena neno hilo mara mbili na sijalifuta. Sasa niache nieleze, na usije ukaruka kurasa kama unavyofanya na barua za mjomba wako.

Unaijua kazi ya nyumba yetu. Korongo wale weusi wenye tumbo jeupe si wa hapa. Wanatoka mbali kaskazini na wanaifuata mvua. Walipokuwa wakitua mbugani kuokota panzi, mvua ya kupandia ilikuwa karibu, na kazi ya kuwaangalia ilikuwa ya ukoo wetu. Babu yako akishawaona, aliinua tuta la kwanza kando ya njia, hatua kumi tu, ili kila apitaye alione. Asubuhi watu wakiliona tuta, mchana kijiji kizima kiko shambani. Hakuna aliyechoma jembe ardhini kabla ya hapo. Babu yako aliponiachia kazi hiyo alinipa sharti moja tu: kama hujawaona, sema hujawaona. Nilikaribia kucheka. Nilidhani kazi ya heshima vile ingekuwa na masharti magumu zaidi.

Mwaka ninaotaka kuusema, wewe ulikuwa darasa la sita. Mwalimu wenu wa sayansi alikuwa amekupa daftari hili na penseli, nawe ukawa kila siku unapita mbugani ukitoka shule. Uliandika vitu ambavyo mimi sikuvitaka. Uliandika kwamba mumbi, wale ndege wakubwa weusi waliokuwa wakiunguruma alfajiri bondeni tangu mimi mtoto, hujawasikia mwezi mzima. Uliandika kwamba hondohondo wa mdomo mwekundu ametua kwenye ua wetu. Ulikuja kuniuliza ni ndege gani, nikakwambia huyo ni wa nchi kavu, wa Shinyanga huko, amepotea njia. Kesho yake walikuwa wanne. Na kuhusu korongo uliandika kila siku neno lile lile: hawajafika. Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wanachelewa. Mimi nilikuwa naamka na roho juu, nakwenda mbugani, narudi, nakuta watu wawili watatu barazani wananiangalia usoni bila kuuliza.

Ndipo akaja yule kijana wa pamba. Tulikuwa tumezoea chama cha ushirika peke yake, na ghafla ikawa ni soko huria, kila mwenye gari ni mnunuzi. Alikuja na pikapu kutoka Nyamagana, Mwanza mjini, miwani ya jua usoni, magunia ya mbegu nyuma. Akasimama chini ya bendera ya ofisi ya kijiji, watu wamejaa, akaniambia, "Mzee, nimesikia hapa mnasubiri ndege."

Watu wakacheka. Si yeye, watu wetu. Watu ambao baba zao walikuwa wakimpisha babu yako njiani.

"Mbegu hizi nikiondoka nazo leo, nazipeleka kijiji kingine," akasema. "Siku hizi ni ruksa, mzee, kila mtu na kasi yake. Sasa hao ndege wenu wakija mtapanda nini?"

Wakacheka zaidi. Nilihisi masikio yananiwaka moto. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Ndege wamefika. Nimewaona leo asubuhi ng'ambo ya mto."

Na wewe ulikuwa pale, na sare yako, umekumbatia daftari. Ukasema, wala hukusema kwa ubishi, ulisema kama mtu anayemsaidia baba yake aliyesahau, "Baba, hawajafika. Natoka huko sasa hivi. Nimeandika."

Nilikupiga kofi mbele ya watu wote. Nikasema mtoto huyu ana kiherehere, shule inamharibu. Kisha nikachukua jembe la mtu na kuinua tuta pale pale kando ya njia, jua la saa saba, jasho linanitoka, na watu wakapanga foleni ya mbegu.

Hilo la kofi unalijua. Ambalo hulijui ni hili. Ulipotumwa maji jioni ile nililichukua daftari lako. Nikafuta neno lako kwa kipande cha kandambili, maana ulikuwa umeandika kwa penseli, na juu yake nikaandika, nikiiga mwandiko wako wa herufi za mviringo: Korongo wamefika, wengi. Sikutaka tu watu waniamini. Nilitaka hata daftari likukane.

Ulirudi na ndoo kichwani ukanisalimia kama kawaida. Uliniambia, "Shikamoo baba," na shavu moja limevimba.

Mvua ilinyesha siku mbili, ikatosha kuziamsha mbegu na haikutosha kuzikuza. Halafu likaja jua. Miche ilikauka ikiwa na majani mawili. Watu wakaanza kumtafuta mwenye kosa, na mimi hawakunitafuta, maana mimi nilikuwa mtu wa korongo. Walikupata wewe. Walisema kisimani kwamba korongo walikuwa wamefika, ila mtoto alitamka mbele ya mbegu kwamba hawapo, na mdomo wake ukawafukuza. Jina lako ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Likageuzwa kuwa ushahidi, kwamba aliyekuja na mvua anaweza kuizuia. Wasichana wenzako wakawa wanasubiri uchote uondoke ndipo wasogee. Mama yako alirudi sokoni siku moja na kikapu kimejaa kama alivyokwenda nacho, hakuna aliyenunua. Wewe unajua, na mimi najua, jinsi habari za namna hiyo zinavyoweza kuishia huku kwetu.

Jioni moja tunakula, ukainua macho ukaniangalia. Ulikuwa unangoja niseme mimi. Nikakwambia, "Kula." Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini neno hilo moja ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu shambani.

Aliyesimama kwa ajili yako ni Mama Shija. Mjane, ana ekari mbili na ng'ombe wawili wa kulimia, na alikuwa amepanda mbegu zake zote, hakubakiza hata kibaba. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema, "Mtoto hana mvua mdomoni. Muacheni." Halafu akaja hapa nyumbani, akakataa kiti, akaniuliza akiwa amesimama, "Baba Kabula, wewe uliwaona kweli?"

"Niliwaona," nikasema.

"Basi. Kama uliwaona wewe, inatosha."

Wiki iliyofuata aliwauza wale ng'ombe apate chakula na mbegu nyingine. Tangu mwaka ule analima kwa mkono, na mgongo wake unauona ulivyo. Shija, rafiki yako uliyekuwa unakaa naye dawati moja, alitolewa shule akamsaidie mama yake kulima, na mtihani wa darasa la saba hakuufanya. Wewe uliufanya ukafaulu. Nilikwambia nakupeleka shule ya bweni kwa ajili ya masomo. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kuangaliana na wewe mezani, na niliogopa watakufanya kitu.

Ulipoondoka ulinipa daftari kwa mikono miwili. "Baba, niandikie wewe mpaka nitakapomaliza." Labda ulidhani unanipa heshima. Mwaka wa kwanza nilikwenda mbugani kila siku, nakuapia. Korongo wachache walikuja pamba ikiwa imefika magotini, wakakaa siku tatu wakapotea. Mwaka uliofuata nilisikia wameonekana upande mwingine kabisa, huko walikokuwa hawatui zamani. Mwaka wa mvua za El Nino mbuga yote iligeuka ziwa. Nikaona ndege wa majini ambao sijui hata majina yao, na korongo sikumuona hata mmoja. Mbayuwayu nao, wale wageni, wengine hawakuondoka kabisa. Nilikuwa nawaona kwenye waya wakati wenzao wamekwisha kurudi kwao.

Ningeyaandika hayo tu, leo ungekuwa na kitu cha thamani mkononi. Lakini kila niliposhika kalamu niliona tuta langu. Nikiandika kwamba korongo hawaji tena kwa wakati wao, nimeandika kwamba kazi yangu imekwisha, na kwamba siku ile wewe ndiwe uliyekuwa unasema kweli. Basi nikaandika tarehe za babu yako, zile alizokuwa akizitaja tangu enzi zake. Korongo wamefika kama kawaida. Leo nimeyahesabu maneno hayo. Yamo mara sita, mara moja kwa kila mwaka uliokuwa shuleni.

Na ningenyamaza hata sasa, nisikufiche. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba mwalimu atafurahi, wewe utasoma, na ndege hawana kinywa cha kunikanusha. Kilichonivunja ni wiki iliyopita. Ulikaa kwenye hiki kiti ukilipitia daftari kwa kidole, ukaniambia, "Baba, unajua mimi nilikuwa nakumbuka kwamba korongo walikuwa hawafiki? Nilikuwa na hakika kabisa. Kumbe walifika, na mwandiko ni wangu. Labda ni kweli nilikuwa na kiherehere." Ukacheka. Mimi niliendelea kumenya muwa.

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa mwaka ule wote. Ulikuwa na macho mazuri, Kabula, kuliko ya kwangu na kuliko ya babu yako. Ulikuwa na miaka kumi na mbili na uliona kitu ambacho watu wenye darubini ndio kwanza wanakitafuta. Na mimi nimekufanya uyaone macho yako mwenyewe kuwa ni ya uongo. Kesho kutwa utakaa mbele ya yule mwalimu, umweleze kwa heshima zote kwamba kwetu ndege hawajabadilika, na yeye atakuamini kwa sababu umetoka kwenye nyumba ya watu wa korongo. Ataandika. Wengine watasoma alichoandika. Wataambiwa kwamba huku mambo ni kama kawaida, na Mama Shija mwingine atapanda mbegu zake zote.

Utaniuliza nimejifunza nini. Si mengi. Nilidhani siku ile niliogopa njaa, mbegu zisiondoke. Haikuwa njaa, niliogopa kuchekwa. Kama ningesema, "Jamani, sijawaona, na huu ni mwaka wa tatu, kuna jambo limebadilika," wangecheka mpaka jioni na yule kijana angeondoka na magunia yake. Halafu tungekaa. Tungezigawa mbegu, nusu sasa nusu baadaye, tungeongeza mtama. Kuchelewa kwao kulikuwa ni habari, kubwa kuliko habari zote walizowahi kutuletea, na mimi niliyepewa kazi ya kuipokea ndiye niliyeificha. Mama yako husema mimi nikipotea njia huikasirikia barabara. Safari hii nilimpiga mtoto aliyekuwa ananionyesha.

Sijui mwalimu atafanya nini ukimwambia. Pengine nafasi yako itaingia mashakani. Pengine utasimama kwenye mlango wa ofisi yake na sanduku lako, na itakuwa ni kwa sababu yangu. Lakini heri akuangalie kwa mashaka wewe ukijua kwamba uliona sawasawa, kuliko akusifu wewe ukiwa hujiamini. Nami nimefanya ninachoweza. Nimechukua kalamu nyekundu, na kila mstari niliouandika bila kuona nimeuzungushia duara na kuweka jina langu pembeni. Kuna miwili sikumbuki kama ni kweli au la. Nimeandika hivyo hivyo, sikumbuki. Ya kwako sijaigusa. Mumbi walionyamaza ni kweli. Hondohondo wa Shinyanga ni kweli, na hao sasa ni wenyeji kuliko mimi.

Na ule ukurasa wa siku ya kofi, uinamishe karibu na dirisha. Ulikuwa unaandika kwa kukandamiza, mwalimu wako alikuwa akikugombeza kwa hilo. Kandambili ilifuta rangi ya penseli, alama ya maandishi haikuifuta. Chini ya uongo wangu bado linasomeka neno lako: hawajafika. Nimelipapasa kwa kidole leo mpaka nimelijua lilivyo.

Nilipoanza barua hii nia yangu ilikuwa kuichomeka humo ndani ya daftari, uikute treni ikiwa imeshapita Tabora, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kuniuliza. Nimefika ukurasa huu nikaona ni ujanja ule ule wa kandambili. Sitafanya hivyo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Nimeandika hivi, kwa mwandiko wangu mbaya: Leo nimekaa mbugani tangu kunakucha hadi saa nne. Ni wakati wao na korongo hawajafika. Hondohondo watatu kwenye ua. Tuta sijainua. Ameandika baba yake Kabula.

Mama yako amechungulia mlangoni sasa hivi. "Wanakuja," amesema. "Mama Shija anamsindikiza." Nimemwambia aongeze kiti kimoja barazani. Ameliangalia daftari, akaiangalia kalamu nyekundu, akaenda kuleta kiti, na nadhani anajua siku nyingi.

Nawasikia kwenye ua. Unacheka, na yeye anaguna kwa ule mgongo. Mkishakaa nitaisoma barua hii kwa sauti, mbele yako na mbele yake, tangu mstari wa kwanza. Sauti ikinikatika, pokea karatasi umalizie wewe.

Baba yako